Bidoni, bashi na sasheti: panya wa maabara wanatuambia nini sisi wa Masisi na Walikale?

Ukipanda moto asubuhi kutoka Sake kwenda Masisi-centre, kitu cha kwanza kukuingia machoni si milima wala ng'ombe. Ni rangi ya manjano. Mabidoni. Yako mgongoni mwa wasichana wanaorudi kutoka chemchemi, yako juu ya chikudu, yamefungwa nyuma ya moto zinazoteremsha maziwa Goma. Ukiendelea hadi Walikale utayakuta tena, safari hii yamejaa mawese. Bidoni hilo lilifika kwetu na mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo. Mafuta yakaisha, likaoshwa kwa mchanga na maji ya moto, na tangu siku hiyo limekuwa la maziwa, la maji, la kasiksi, la petroli, kisha likarudi kuwa la maji.

Sina ugomvi na bidoni. Nililelewa nalo. Aliyekimbia usiku bila kubeba hata sufuria, bidoni ndicho chombo cha kwanza anachotafuta akifika kambini. Lakini kuna swali niliulizwa sokoni na mama mmoja muuza maharagi, na kwa siku kadhaa sikuwa na jibu la kumpa.

Alikuwa amesikiliza sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye simu, WhatsApp hizi zetu, mtu akieleza kwa Kifaransa kwamba plastiki inaingia katika ubongo wa binadamu, na kwamba kila mtu anakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki. "Mtoto wangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa habari. Mimi hata hiyo kadi sijawahi kuishika mkononi, nitaila wapi?" Wote waliokuwa karibu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila macho yangu yalikuwa kwenye sufuria yake. Maharagi yalikuwa yanachemka, na juu yake, badala ya kifuniko, alikuwa amefunga sasheti nyeusi iliyovimba kwa mvuke kama puto. Kila mpishi wa huku anajua kwa nini: mvuke hautoki, maharagi yanaiva upesi, makala inadumu.

Tuanze na kadi, maana hapo sauti ile ilitia chumvi. Hesabu ya gramu 5 kwa wiki ilitangazwa mwaka 2019 na WWF, shirika la kulinda mazingira, kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia. Watafiti wengine wakaipiga upya hesabu hiyo na kuona imezidishwa mno. Kwa hiyo mama, hauli kadi. Lakini habari ya ubongo haikutoka hewani. Imetoka kwa panya.

Mikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5. Hivyo vikubwa unaweza kuviona kwenye mchanga kando ya ziwa Kivu. Vinavyowapa wasiwasi madaktari ni vile visivyoonekana kabisa, vinavyopimwa kwa mikromita, yaani milimita moja iliyokatwa mara elfu. Havitengenezwi mahali pa siri. Bashi iliyokaa juani mwaka mzima inapukutika kama ngozi iliyoungua. Gunia la plastiki la muhogo linachanika nyuzi. Na lile bidoni, tunapotia mchanga ndani na kulitikisa ili liwe safi, tunakuwa tunalikwangua kwa ndani, kisha tunalijaza maziwa.

Katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, watafiti waliwapa panya chembe za plastiki kwa mdomo muda wa wiki 4, kisha wakapasua na kutazama. Matokeo yalitoka mwaka 2024: chembe zilikuwa zimevuka utumbo, zikaonekana katika ini, katika figo na katika ubongo. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Rhode Island kilikuwa kimetoa habari inayofanana. Huko panya walikunywa maji yenye chembe kwa wiki 3. Mwenendo wao ulibadilika, na waliozeeka walibadilika zaidi kuliko vijana. Huko China, ambako majaribio ya aina hii yamefanywa kwa wingi, panya waliopewa chembe za mikromita 5 walipungukiwa na ute ule unaofunika ukuta wa utumbo, bakteria wazuri wa tumboni wakavurugika, na ini likaanza kushughulikia mafuta vibaya. Katika majaribio mengine, mbegu za panya dume zilipungua na zile zilizobaki hazikuwa zinaogelea vizuri. Najua habari hii ya mwisho ndiyo itakayosomwa mara mbili na wanaume wenzangu.

Sasa ngojeni. Mwaka 2019 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayopima hatari za chakula, iliyo Berlin, ilifanya jaribio lake. Panya walilishwa chembe za ukubwa wa aina tatu kwa siku 28. Zilizoingia katika ukuta wa utumbo zilikuwa chache sana, na dalili za uvimbe hazikuonekana. Wataalamu wengine wameonya pia juu ya namna ya kupima: chembe nyingi za maabara hutiwa rangi inayong'aa ili zionekane, na rangi hiyo inaweza kutoka kwenye chembe na kuingia katika ini peke yake. Mtafiti akiona mng'ao anadhani ameona plastiki, kumbe ameona rangi.

Je, mmoja anadanganya? Hapana. Chembe ya mikromita 10 na chembe ya mikromita 1 ni kama gari la mizigo na chikudu: pale moja inapokwama, nyingine inapita. Kipimo nacho kina neno lake. Katika majaribio mengi panya anapewa chembe nyingi kwa siku chache, kuliko mtu anavyoweza kumeza. Na chembe zenyewe ni vishanga vya duara, laini, safi, vya aina moja ya plastiki iitwayo polistireni, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Bidoni letu halitoi vishanga. Linatoa magamba yenye ncha, ya polietileni, yaliyochanganyika na udongo, mabaki ya petroli na vijidudu.

Ndiyo maana siamini mtu anayechukua jaribio la panya na kulitangaza kama cheti cha kifo cha binadamu. Wala simwamini anayesema panya ni panya, tuendelee kula. Kwa maoni yangu, hapa Masisi na Walikale tuna sababu ya kuyatazama majaribio hayo kwa jicho ambalo mtu wa Paris au Brussels hana.

Panya wa maabara ni panya mwenye bahati. Anakula chakula kilichopimwa, anakunywa maji safi, hajaugua kuhara, hana minyoo, hajalala njaa porini siku tatu. Utumbo wake ni mzima. Mtoto wa Mweso au wa Pinga anapoingia katika kituo cha afya kwa kuhara mara ya nne kwa mwaka, muganga anajua kwamba ukuta wa utumbo wake umechoka, chakula hakinyonywi vizuri, na vitu visivyotakiwa vinapita. Na hapo maabara zimetoa jibu moja ambalo naliona zito kuliko yale ya ubongo: panya waliokuwa tayari wametiwa ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, walipopewa chembe za polistireni, ugonjwa wao ulizidi. Panya mzima alistahimili, mgonjwa akaumia zaidi. Watoto wetu wengi wanafanana na panya yupi?

Siandiki hivi kumtisha mzazi. Naandika kwa sababu kila mara jambo hili likizungumzwa, linazungumzwa kama shida ya matajiri wanaokunywa maji ya chupa. Sisi maji ya chupa tunayaona kwa wageni. Plastiki yetu inapitia njia nyingine, na njia hizo nyingi zina moto ndani yake.

Moto ndio ufunguo wa habari hii. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walichukua chupa za kawaida za kunyonyeshea watoto, zile za polipropileni, wakatia maji na kuhesabu. Chupa moja iliweza kuachia chembe hadi milioni 16 kwa lita. Maji yalipokuwa ya nyuzi 25, chembe zilikuwa kama laki 6 kwa lita. Yalipofika nyuzi 95, zikawa milioni 55. Plastiki ni ile ile, kilichobadilika ni joto tu.

Sasa rudi kwenye sufuria ya maharagi. Katika milima ya Masisi maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 94 hivi, na sasheti haiyeyuki kwa joto hilo. Ndiyo maana tunaiona nzima tunapoifungua, tunasema haina shida. Lakini inalegea, na matone ya mvuke yanayorudi chini yanarudi yakiwa yameigusa kwa saa mbili tatu. Pale inapogusana na ukingo wa sufuria karibu na moto, kila mama anajua inanata, na baadaye inakwanguliwa kwa kisu. Walikale kuna mawese yanayomiminwa katika bidoni yangali moto kutoka kwenye pipa. Mafuta ya moto ndani ya plastiki ni mabaya zaidi kuliko maji, kwa sababu yanavuta pia dawa zilizochanganywa katika plastiki kiwandani. Kwanga, ambayo wazee waliifunga kwa majani ya porini, siku hizi utaikuta imefungwa kwa sasheti ndani ya chungu kinachochemka. Kuhusu kuwashia makala kwa kipande cha bidoni, nitasema neno moja tu: moshi ule mweusi unaingia katika kifua cha aliye karibu na jiko, na aliye karibu na jiko ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Kwa upande wa watu, ushahidi ni mchanga lakini upo. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 na kukuta plastiki kwa 17. Mwaka 2024 madaktari wa Italia waliandika juu ya wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo na kufuatiliwa kwa karibu miaka 3. Katika uchafu ule wa mafuta uliotolewa mishipani, wagonjwa 150 walikutwa na polietileni. Hao walikuwa na hatari mara 4 na nusu zaidi ya kupata mshituko wa moyo, kupooza au kufa. Hiyo haithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowaua, maana anayekula plastiki nyingi huenda anakula na vingine vibaya. Ila polietileni ni jina la kiwandani la sasheti, la bashi na la bidoni.

Na samaki? Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika sangara na sato walionunuliwa katika soko la Mwanza, ziwa Victoria, mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Ziwa Kivu halina sangara, lakini lina plastiki: wakaaji wa Bukavu wamekaa gizani mara ngapi kwa sababu takataka za ziwa zimekwama katika mitambo ya Ruzizi?

Nasikia tayari jibu la msomaji. Ndugu mwandishi, tuna vita. Masisi imebadilisha mikono, Rubaya imechukuliwa tangu Aprili 2024, Walikale-centre iliingiwa Machi 2025, watu wanalala mashuleni, na wewe unatuletea panya. Jibu hilo nalielewa, na nusu yake nakubali. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Agosti 2019 juu ya maji ya kunywa, lilisema jambo ambalo kila mtu huku anapaswa kulisikia: hatari ya kwanza katika maji bado ni vijidudu. Kolera inaua mtoto kwa saa chache. Plastiki, kama inaua, inachukua miaka. Asitokee mtu akasema, kwa sababu ya makala hii, kwamba ameacha maji yenye klorini ya kambini kwa vile yamekuja katika bidoni, akaenda kunywa ya mtoni kwa kibuyu. Huo utakuwa wazimu. Ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba usafishaji unaoondoa uchafu wa vijidudu huondoa pia sehemu kubwa ya plastiki. Anayetupigania tupate maji safi anatupigania mara mbili.

Nusu nyingine ya jibu hilo siikubali. Vita ndiyo iliyoleta bashi. Nenda katika kambi yoyote: nyumba ni bashi, sakafu ni bashi, unga wa muhogo unaanikwa juu ya bashi, na mvua ikinyesha maji yanayotiririka juu ya bashi yanakingwa katika bidoni na kunywewa. Anayekimbia anakula na kunywa plastiki zaidi kuliko aliyebaki na shamba, kibuyu na chungu chake. Haya si mambo mawili tofauti. Ni jambo moja, na wanaoishi ndani yake ndio wenye utumbo uliochoka.

Kwa mama wa nyumbani maombi yangu ni madogo. Sufuria ifunikwe kwa jani la ndizi, kwa sahani ya bati au kwa sufuria nyingine. Mawese yapoe kwanza. Bidoni lioshwe kwa sabuni na kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo, mchanga uachwe. La petroli libaki la petroli. Maji yachemshwe katika chombo cha chuma, yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi. Watafiti wa Guangzhou walionyesha mwaka 2024 kwamba kuchemsha na kuchuja kunapunguza chembe ndogo sana za plastiki, hasa katika maji yenye chokaa.

Kwa wakubwa maombi si madogo. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kinshasa ilitia sahihi amri nambari 17/018 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sasheti za plastiki. Nenda soko lolote la Kivu Kaskazini ukaulize bei ya sasheti. Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na kila anayevuka kwenda Gisenyi anajua atanyang'anywa mfuko wake mpakani. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Sisi tuna karatasi. Na sasa barabara zetu zina wenye amri zaidi ya mmoja, na wote, bila kumchagua yeyote, wanajua kusimamisha gari na kutoza kodi ya mzigo. Anayeweza kuhesabu magunia ya koltani kizuizini anaweza pia kuhesabu katoni za sasheti.

Mashirika ya misaada nayo yasijifiche nyuma ya kazi nzuri wanayofanya. Wanaoleta bashi mpya wachukue bashi kuukuu iliyopukutika, isibaki kuwa mkeka wa kuanikia unga. Wanaogawa mabidoni wagawe pia ndoo yenye kifuniko na kitu cha kuoshea. Wenye viwanda vya jibini na vituo vya kukusanyia maziwa, mikebe ya alumini inajulikana huku tangu zamani; bei yake ni kubwa, lakini ni mzigo ambao hauwezi kuachiwa mfugaji mwenye ng'ombe watatu. Na vyuo vikuu vyetu vya Goma na Bukavu, ambavyo vina wanafunzi wa biolojia na wa kemia wanaotafuta somo la kuandikia kazi ya mwisho, vichote maji ya Lowa na maziwa ya Masisi, viyapime. Nimechoka kumjibu mama wa sokoni kwa panya wa Marekani na samaki wa Mwanza.

Yeye nilirudi kwake. Nilimweleza yote haya kwa kifupi, pamoja na habari ya watoto na utumbo, ambayo aliisikiliza kimya kuliko nyingine. Nikamwambia habari ya majani ya ndizi. Akanitazama. Migomba yake, akasema, iko upande wa Nyabiondo, na yeye hajafika huko tangu alipokimbia. Je, mimi ndiye nitakayemkatia?

Siku mbili baadaye nilipita tena. Sufuria ilikuwa na sahani ya bati juu yake, na juu ya sahani jiwe. Maharagi, aliniambia kabla sijasalimia, yamechelewa nusu saa, makala ya franga 500 imeongezeka, na anataka kujua ni nani atakayemrudishia hizo.